Birika Lisilochemsha Chai

Sehemu ya saba: Askari wa shamba la Donald

"Sema tena," Phineas alisema. "Sema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa."

"Nimesema nililipeleka Rukanga," Mwelu akajibu. "Lilienda na mbuzi, blanketi na seti ya sufuria. Nikisema polepole ndiyo litarudi?"

Hapo ndipo tulipowaacha. Mume kachutama mbele ya kabati, mkono wake uko ndani na haujagusa kitu. Mke kasimama mlangoni na mwiko. Kwetu sisi wiki nzima imepita. Kwao haijapita hata dakika moja, na ugali unaungua.

Aliyekosa gazeti asimsumbue jirani. Mambo ni haya.

Phineas Mutuku, mwenye duka la vipuri vya magari hapa Voi, ana ugonjwa usio na dawa. Anakusanya vitu vya Tin Kettles, yaani Mabirika ya Bati, bendi ya roki ya Uingereza iliyotikisa dunia wakati yeye akiwa kijana wa shule. Santuri zao hazimshughulishi sana. Santuri, husema, hata mlevi anaweza kuwa nazo. Yeye anataka vile vitu ambavyo kampuni ya santuri ilitengeneza vya kutangazia bendi na kugawa bure madukani na redioni: mabango, beji, viberiti, sinia za bati, kofia za karatasi. Chumba ambacho Mwelu alikitaka kiwe cha wageni kimejaa hadi dirishani. Wageni wenyewe hulala sebuleni.

Na juu ya vitu vyote hivyo kuna birika.

Ni birika la bati, la buluu, rangi ile ya kuchomwa kama ya vikombe vya zamani. Ubavuni zimechorwa sura za wanabendi wanne, nywele mpaka mabegani, na mpiga ngoma ametoa ulimi. Halikutengenezwa kuchemsha chai. Lilitengenezwa kukaa kwenye dirisha la duka na kuvuta macho ya watu. Phineas aliliona mara ya kwanza Mombasa, kwenye duka la santuri, akiwa na suruali fupi, na mwenye duka akamfukuza kwa sababu pua yake ilikuwa inachafua kioo. Alilipata akiwa na mvi, baada ya kumbembeleza mjane wa mwenye duka yule yule mpaka mama wa watu akachoka kumwona mlangoni.

Sasa halipo.

"Mwelu," akasema, akiwa bado amechutama, "hebu nieleze. Mtu anabebaje birika la Tin Kettles, analiweka kwenye pikapu, analipeleka kwa wakwe, na hajui amebeba nini?"

"Mimi nilibeba boksi la vyombo. Uliza birika lilifuata nini ndani ya boksi la vyombo."

Phineas akachungulia tena ndani ya kabati.

"Uliza," Mwelu akasema.

"Nililificha," Phineas akasema kwa sauti ya chini. Kuna mtu asiyemjua alikuwa amempigia simu kutoka Nairobi akiulizia birika, bei gani, linakaa wapi, mlango wa nyuma una kufuli au komeo. Phineas akaingiwa na hofu. Akafikiri mwizi atafungua sanduku, atafungua droo, atainua godoro. Lakini boksi la sufuria za harusi hatalifungua.

"Na mke wako je? Yeye hakustahili kuambiwa?"

"Nilidhani utalifungua uhakikishe vyombo vimetimia, kabla ya kuvipeleka kwa watu."

"Boksi lilikuwa limezungushiwa selotepu kama maiti. Nani alilifunga?"

Aliyelifunga alikuwa amechutama pale pale.

Basi Phineas akafanya alichojua. Akatoa simu mfukoni, akatafuta jina la Donald, mkwe wake wa Rukanga. Mwelu hakubishana naye. Alivuka chumba, akaichukua simu kama anavyomnyang'anya mtoto wembe, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

"Utamwambia nini? Kwamba mbuzi wakae lakini birika lirudi?"

"Nitamwambia ni makosa."

"Kisha naye aulize, je, mbuzi nao walikuwa makosa? Blanketi nalo? Mwanao Munyoki naye?"

Hapo Phineas akaketi sakafuni.

Msomaji asiye Mkamba aelewe. Mbuzi wa ntheo wakishafika kwa wazazi wa msichana, yule msichana ni mke wa mtu, hata kama harusi ya kanisani bado. Na chochote kilichofuatana na mbuzi hao kimeungana nao. Ukidai kimoja umedai vyote, na ukirudishiwa kimoja umerudishiwa vyote. Wazee wa Kitaita wa Rukanga walieleza mila zao, wazee wa Kikamba wakaeleza zao, wakala, wakakubaliana kwamba mbuzi ni mbuzi.

Na Donald si mtu wa kuchezea. Huyu ndiye aliyewahi kurudisha mahari ya mpwa wake, mbuzi wote na kamba zao shingoni, kwa sababu mjomba wa bwana harusi alisema chai ya Rukanga inakosa majani. Munyoki alikuwa amemlainisha baba huyu kwa muda mrefu, akimpelekea mbegu na dawa za mimea kutoka duka la mama yake, akichimba naye mitaro, akicheka vichekesho vyake vilevile vya kila Krismasi. Abby, binti wa Donald, alikuwa amesema wazi kwamba baba yake akikataa, yeye hatatoroka na mtu. Harusi ilikuwa Desemba. Neno moja la kijinga, na Munyoki angebaki na suti na hana bibi harusi wa kusimama naye.

"Kwa hiyo nisahau birika langu?" Phineas akauliza. "Hivyo tu?"

"Nani kasema usahau? Tunaenda kuwasalimia Jumapili. Tunabeba birika jipya. Hilo lako linaingia kwenye kiondo changu, jipya linakaa mahali pake. Mama Abby ana vyombo vingapi jikoni? Hatajua."

"Huo si wizi?"

"Ni kubadilishana bila kusumbua watu," Mwelu akasema, akaenda kuuokoa ugali.

* * *

Kosa lake lilikuwa moja. Alimtuma Phineas kununua birika.

Jumapili baada ya kanisa, pikapu ikiwa imeshawashwa, ndipo alipofungua mfuko. Ndani mlikuwa na birika la umeme. Jeupe, la plastiki, lenye taa ya buluu na waya wa kuchomeka ukutani.

Mwelu aliuvuta ule waya mpaka mwisho wake.

"Baba Munyoki. Kwa Donald wanapikia nini?"

"Stima imefika Rukanga."

"Imefika kwenye nguzo, barabarani. Kwa Donald kuna kuni na taa ya sola."

Phineas akajitetea kwamba yeye hangeweza kumpelekea mkwe kitu cha bei ya chini, dhamiri ilikuwa inamsumbua. Mwelu akamwambia kwamba dhamiri ingemsumbua wakiwa karibu na duka la sufuria ingekuwa bora. Lakini duka lile lilikuwa limefungwa, mwenyewe yuko kanisani mpaka jioni. Waliondoka nalo hivyo hivyo, na njia nzima hakuna aliyesema neno isipokuwa Phineas, ambaye alisema mara moja kwamba lina dhamana ya mwaka mzima.

Walipokelewa vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Donald mwenyewe alitoka kuwafungulia geti la miti, mtu mrefu mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mkewe, Tryphena, akaleta mandazi na chai kwenye thamosi waliyomletea wao wenyewe. Phineas alikuwa akitazama kila chombo kinachoingia kama askari wa forodha.

Chai ilipokwisha Mwelu alikusanya vikombe. Tryphena akamwambia akae, mgeni haoshi. Mwelu akamwambia yeye si mgeni tena, mbuzi wameshasema. Akaingia jikoni, akaweka vikombe kwenye beseni, akaanza kazi aliyoijia. Rafuni hakuna. Chini ya meza hakuna. Nyuma ya gunia la mahindi kulikuwa na kuku anayelalia mayai, naye hakupenda kuulizwa.

"Unatafuta nini, Mama Munyoki?" Tryphena alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Chumvi."

"Ya kuoshea vikombe?"

"Kwetu tunaosha hivyo vikombe vya wakwe," Mwelu akasema bila kupepesa. Tryphena akampa chumvi. Mwelu akaosha vikombe kwa chumvi, vyote, mpaka vidole vikamwasha, huku Tryphena akimsimamia na kuangalia ustadi huo wa Kikamba.

Aliporudi sebuleni alikuta Donald amesimama katikati ya chumba, anaonyesha kwa mikono jinsi ndovu anavyong'oa mhindi.

Msimu huu, alikuwa akisema, wameshuka mapema. Jirani yake wa juu amebaki na mabua. Jirani wa chini, ndengu zote zimekanyagwa, hata za mbegu hana. Yeye peke yake, asifiwe Mungu, hajapoteza hata gunzi. Na mahindi yale ndiyo ya harusi. Hakuna gunia la kununua Desemba hii. Wageni wa Abby na Munyoki watakula kutoka shamba lile au wataimbiwa nyimbo warudi kwao na njaa.

"Na hayo yote," Donald akasema, akamwekea Phineas mkono begani, "ni kwa sababu yako, mkwe."

"Yangu mimi?"

"Lile birika."

Phineas alikuwa ameuma andazi. Halikwenda mbele wala kurudi nyuma.

Donald akaendelea kwa furaha. Kila mtu Rukanga amefunga waya na kutundika makopo na vipande vya mabati, ndovu wakigusa vilie. Lakini ndovu ni mnyama wa akili. Makopo wamekwisha kuyazoea, wanayasogeza kama pazia. Basi siku moja akachukua lile birika la buluu, akalijaza kokoto, akalifunga kwa waya upande wa mlimani, pale wanapopenda kupita. Usiku ule likalia mlio ambao hata yeye hajawahi kuusikia. Bati la zamani, zito, si haya ya siku hizi. Ndovu waligeuka wakaondoka wakikunja masikio. Hawajarudi.

"Tumelipa jina. Tunaliita Askari."

Mwelu akampiga mume wake mgongoni ili andazi lishuke. Alimpiga kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tryphena, kwa upande wake, alikuwa na la kueleza. Hakutaka waone kwamba alidharau zawadi. Alilitia chai lile birika mara moja tu, siku pasta alipowatembelea. Pasta akanyoosha kikombe, yeye akainamisha birika, na yule kijana wa kando akamtolea pasta ulimi. Pasta akauliza ni nani. Tryphena akasema hajui. Pasta akauliza kama wote wanne ni wa familia. Tangu siku hiyo akaona heri liende shambani, huko hakuna wa kulitazama ila wanyama.

"Wengine huleta blanketi," Donald akasema. "Nimewaambia watu hapa Rukanga, mkwe wangu ni mtu wa kufikiri. Alifikiria shamba langu kabla hajaliona."

Phineas alisema ahsante. Mwelu, aliyemjua, alisikia kwamba ahsante ile ilikuwa na maji.

* * *

Kilichofuata Mwelu angekizuia kama angekuwa na muda. Phineas alisimama akasema anatamani kuliona shamba.

Donald naye akasimama, akatafuta viatu. Hapo Mwelu akaingilia. Akasema mkwe asiinuke, leo ni siku yake ya kupumzika, na habari za redio zinakaribia. Baba Munyoki anataka tu kunyoosha miguu, daktari alimwambia. Daktari gani, Donald akauliza. Wa miguu, Mwelu akasema. Donald akaketi, akawaonya warudi kabla jua halijaingia nyuma ya mlima Kasigau, maana giza huku huingia kama mtu aliyefukuzwa.

"Na kiondo?" Tryphena akauliza.

"Nikiona mchicha nichume."

Ndani ya kiondo, chini ya leso, birika la plastiki lilikuwa limejikunja na waya wake.

Walipita kati ya mahindi, marefu kuliko Phineas, yamebeba vizuri, shina moja mahindi mawili. Mwelu anauza mbegu, anajua akionacho. Alihesabu harusi nzima kwa macho: ugali, ya kuuza kununulia mchele wa pilau, na ya kubaki kwa mbegu. Halafu alijilazimisha kutohesabu.

Waya ulikuwa mwisho wa shamba. Nguzo za miti, waya kutoka nguzo hadi nguzo, na makopo, na vipande vya mabati, na katikati, la buluu kama kipande cha mchana, birika.

Phineas alifika kwanza. Alifungua waya, akamwaga kokoto, akalipangusa kwa shati la kanisa. Mdomo ulikuwa umebonyea kidogo. Lakini mwimbaji yupo, wapiga gita wawili wapo, na mpiga ngoma bado ametoa ulimi, mwekundu kama jana.

"Wote wanne," Phineas akasema. "Mwelu, wote wanne wako hapa."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Mwelu alimwona kijana wa suruali fupi, na pua yake kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote akakosa neno la kumchoma. Akatoa birika la plastiki, akalitia kokoto zile zile, akalifunga mahali pa Askari. Kisha akalitikisa.

Lilitoa sauti ya mzee anayetafuna njugu.

Alitikisa tena, kwa nguvu. Njugu tena.

"Hii haitamfukuza hata kuku," akasema. "Rudisha lile."

"Ndovu hatajua tofauti. Ataona birika."

"Ndovu haangalii, Baba Munyoki. Anasikia. Rudisha, kesho tutaleta sufuria nzito, tutabadilisha vizuri."

Phineas akalikumbatia birika. Alisema kesho ataleta sufuria kumi. Alisema ataleta kengele. Lakini leo halirudi kwenye waya, amelisubiri tangu utotoni, halirudi kupigwa na ndovu. Leo ni siku moja tu, na tena ni Jumapili.

"Ndovu nao wanaenda kanisani?"

Alikuwa anataka kuongeza, na aliyokuwa nayo yalikuwa mazuri, lakini kulikuwa na ukimya. Ndege walikuwa wamenyamaza. Jua lilikuwa limekaa juu ya bega la Kasigau, na upande wa mlimani, ndani ya vichaka, tawi nene lilivunjika taratibu, bila haraka, kama mtu anavunja kuni zake mwenyewe.

Walitoka watatu. Jike kubwa mbele, jike jingine nyuma, na katikati mtoto aliyefika kimo cha pikapu. Walikuja moja kwa moja, njia yao ya kila mwaka. Mwelu alimvuta Phineas kwa mkanda wa suruali, wakalala nyuma ya nguzo, yeye juu ya kiondo, yule juu ya birika.

Jike lilifika kwenye waya. Kopo likalia. Jike likalisogeza kwa mkonga, kama pazia, vile vile Donald alivyosema. Kisha likafika kwenye birika jeupe.

Lilisimama. Likalinusa. Likalitikisa, na njugu zikatafunwa. Likangoja kidogo, kama linatarajia kitu zaidi. Halafu likaling'oa pamoja na waya wote, likaliweka chini na kulikanyaga. Krak. Dhamana ya mwaka mzima ikaishia hapo.

Nguzo ikainama. Jike likaingiza mguu wa kwanza shambani.

Kule nyumbani redio ikazimwa. Sauti ya kuita ng'ombe ikasikika juu ya mahindi yote. "Mama Abby. Waya umekatika na Askari hajalia. Lete tochi."

Mwelu aliona mambo yote mawili kwa wakati mmoja, wazi kama bidhaa kwenye kaunta. Kushoto kwao kulikuwa na njia ya mbuzi inayozunguka shamba mpaka kwenye geti. Wangeipita wameinama, wangefika kwenye pikapu, birika chini ya kiti. Donald angekuta waya umekatika, plastiki imepondeka, na angewalaumu ndovu. Munyoki asingejua. Birika lingelala Voi leo. Na mahindi ya harusi yangelala kwenye matumbo matatu.

Au wabaki, wapige bati, na Donald awakute na tochi yake, wakwe wa kuheshimiwa, katikati ya shamba lake, wameshika Askari wake mikononi.

Phineas naye alikuwa ameiona njia ya mbuzi. "Tukipita pale," akanong'ona, "hatutaonekana."

Mwelu angeweza kumnyang'anya. Simu alikuwa amemnyang'anya. Alipapasa mchangani, akapata jiwe la kutosha kiganja, akamnyooshea.

"Mahindi ya Munyoki, Baba Munyoki," akasema.

Phineas alitazama jiwe. Akalitazama birika, akaligeuza upande wa pili, ule usio na sura, akajaribu kuligonga kwa kifundo cha kidole. Upande ule Donald alikuwa ameuzungushia mpira wa kufungia waya, ukatoa sauti nzito isiyokwenda popote. Mguu wa pili wa jike ukaingia. Bua la kwanza la mahindi likalala, la pili likalala. Tochi ilikuwa imeshatoka uani, inaruka ruka juu ya majani, inakuja.

Akaligeuza tena. Wanne wakamtazama. Mmoja akamtolea ulimi.

"Samahanini, jamaa," Phineas akawaambia kwa upole.

Akachukua jiwe kutoka mkononi mwa mkewe, akasimama wima mbele ya ndovu na mbele ya tochi, akapiga. Rangi ikaruka vipande vipande. Wa kwanza kuondoka alikuwa mpiga ngoma.